Saa nyepesi ya Papa: titani ni nguvu, lakini si ngumu

Ilikuwa mwezi wa saba, wakati ule vumbi ya kiangazi inaingia mpaka ndani ya sahani. Papa mmoja wa Katuba alifika ku ofisi yetu asubuhi pamoja na mke wake. Alitoa kitambaa mu mfuko wa koti, akakifungua juu ya meza yetu, na ndani mulikuwa saa ya mkono. Hakutaka hata kiti. "Mwandike hii," alituambia. "Mwandike kusudi batu bajue ginsi batoto ba Bulaya banatudanganya siye bazazi."

Saa ile ilitoka Ubelgiji. Mwana wake wa pili, mwenye kufanya kazi kule tangu miaka tisa, aliituma mu valizi ya rafiki yake aliyekuja kwa mazishi. Mgongoni mwa saa wamechonga neno moja, titanium, na mu mesaji ya telefone mwana alikuwa ameandika: "Papa, hii ni titani ya kweli. Utasahau kama umeivaa." Papa aliivaa mara ya kwanza ku misa ya siku ya Mungu. Watu waliiangalia. Majuma matatu baadaye kifungo chake kilikuwa kimejaa mikwaruzo, na pembeni ya brasele kulikuwa mistari mingi, sawa vile paka amepita pale na kucha zake.

Na Papa huyu si mtu wa kudanganywa kwa mambo ya chuma. Miaka 27 alikuwa ajistere mu maatelye ya Gécamines kule Panda, Likasi. Anatambua chuma kwa sauti yake wakati kinaanguka chini. "Miye nilikamata limi miaka makumi mbili na saba," alisema. "Chuma nguvu, ninakijua. Hii ni mpira, balipaka rangi tu. Pima na mukono yako: uzito iko wapi? Na ona ginsi iliraye! Titani gani ile inaraye?"

Mama hakusema neno. Lakini wakati Papa alitoka kidogo kuitika mtu ku barabara, alitusogelea, akatuambia kwa sauti ya chini kwamba kijana alikusanya franga za saa ile kwa miezi mingi, na kwamba tangu mwisho wa mwezi wa sita Papa hataki kuongea naye. Telefone ikilia, anaikabizi kwa Mama na kutoka inje.

Basi hatukuandika ile aliyotuomba. Tulimwomba atuachie saa siku tatu. Na kwa Mama tuliomba atuletee ile ya zamani, saa ya inoksi ambayo Papa alivaa miaka yote ya kazi.

Jina lilikuja mbele ya chuma

Watu mingi wakisikia "titani" wanafikiri kitu kisichoweza kuguswa na kitu. Hata sisi tulifikiri vile mbele ya kuanza kuuliza. Kosa la kwanza ni la jina. Mwaka 1791, mchungaji mmoja wa Uingereza, William Gregor, mwenye kupenda kuchunguza mawe, alikuta ndani ya mchanga mweusi wa Cornwall kitu asichokijua. Miaka minne baadaye, 1795, mtaalamu Mjerumani Martin Heinrich Klaproth akakipa jina la wale majitu wa hadithi za Wagriki, Watitani, watoto wa Mbingu na Dunia. Wakati ule hakukuwa mtu hata mmoja aliyekuwa amekamata titani safi mkononi. Chuma chenyewe kilitolewa safi mwaka 1910 tu, Marekani, na Matthew Hunter. Na njia ya kukitoa kwa wingi ni kazi ya William Kroll, mtu wa Luxembourg, karibu na mwaka 1940. Kwa hiyo jina la majitu lilikaa zaidi ya miaka mia moja likingoja kuona chuma chake kinafananaje.

Wanaofikiri kwamba titani ni ghali kwa sababu iko haba, nao wanakosea. Mu udongo wa dunia titani ni nyingi kuliko shaba yetu, na si kidogo. Kule Kwale, karibu na bahari ya Hindi mu inchi ya Kenya, walichimba mchanga wenye titani toka 2013 mpaka mwisho wa 2024. Sehemu kubwa ya ile inayochimbwa duniani haifiki hata kuwa chuma: inageuka poda nyeupe ya rangi, ile tunapaka ku kuta za nyumba. Kinachopandisha bei ni namna ya kuitoa. Shaba tunaiyeyusha kwa moto na kila mtoto wa Lubumbashi anajua moshi wake. Titani ikipata moto inakamata hewa na makaa, inaharibika. Wanalazimishwa kuigeuza kwanza kuwa maji-maji kwa klorini, kiisha kuipika na manyezi ndani ya chombo kilichofungwa kabisa, siku nyingi. Bei ya saa inaanzia pale.

Neno "nguvu" linabeba mambo matatu

Ugomvi wa Papa na mwana wake, kwa maoni yetu, ulitoka mu neno moja. Mu Kiswahili chetu cha hapa tunasema "nguvu" kwa kila kitu: kazi nguvu, mti nguvu, mtu nguvu, chuma nguvu. Watu wa maatelye wanapima mambo mbalimbali. Kuna nguvu ya kuvutwa na kupindwa bila kukatika. Kuna kukaa mu maji, mu jasho na mu chumvi bila kupata kutu. Na kuna ugumu wa ngozi ya juu: chuma kinakubali kuchorwa ao kinakataa?

Mu mambo mawili ya kwanza titani inashinda vizuri. Kwa uzito mdogo inabeba mengi, ndiyo maana wanaiweka mu ndege, na maji ya bahari hayaifanyi kitu. Ya tatu, njo pale inatudanganya.

Papa anakijua kipimo cha Vickers: wanasukumiza ncha ya almasi juu ya chuma kwa uzito fulani, kiisha wanapima alama iliyobaki. Alama ikiwa kubwa, chuma ni laini. Inoksi ya saa, ile wanaita 316L, inapata kati ya 150 na 200 hivi. Titani safi, ile wanaita namba 2, iko karibu pale pale. Titani ya namba 5, iliyochanganywa na aluminiumu asilimia 6 na vanadiumu asilimia 4, inapanda mpaka 350 hivi. Sasa weka pembeni yao punje ya mchanga, ile nyeupe inayong'aa, kwarsi: inapita 1000. Hesabu inaishia hapo. Kigumu kinachora laini siku zote. Na punje hizo ziko mu mchanga wa shantye, mu vumbi ya barabara, juu ya meza ambayo haijapanguswa tangu asubuhi. Ukivuta mkono juu ya meza hiyo, unavuta chuma chako juu ya visu vidogo mamia.

Kwa hiyo titani ya Papa haikuwa laini kuliko inoksi yake. Zote mbili zinashindwa na kiangazi. Mbona basi ile ya zamani inaonekana kama ilivumilia? Mama alituletea kesho yake, na tuliigeuza ku mwangaza wa dirisha. Ilijaa mikwaruzo pande zote, moja juu ya nyingine, mpaka imekuwa kama ngozi ya mzee. Papa haioni tena. Saa mpya inaonyesha mkwaruzo wa kwanza. Ya zamani inaficha ule wa elfu moja.

Kuna tofauti ndogo tunapaswa kuisema. Titani iko na rangi ya majivu kidogo kuliko inoksi, na ikisuguliwa na kitu inapenda kushikana nacho na kuvutika, kwa hiyo mkwaruzo wake unaonekana mpana. Lakini pale pale ulipochorwa, ngozi nyembamba sana ya oksidi inajirudia yenyewe, mara moja. Mkwaruzo wa titani unabaki mkwaruzo tu. Kutu haiingii.

Mama alikuwa na habari nyingine pia. Tulimwuliza Papa anafanya nini mchana, sasa amepumzika kazi. Alicheka kwa mara ya kwanza. "Anajenga anekse nyuma ya nyumba. Anachanganya mwenyewe simiti na muchanga, hataki fundi aibe mufuko. Na saa iko ku mukono, kusudi bajirani baione."

Glasi ya maji ya fundi

Ilibaki kujua kama ni titani kweli. Tulienda na Mama kwa fundi wa saa mwenye meza yake karibu na soko ya Kenya, Kenya yetu ya Lubumbashi, si ile ya Kwale. Fundi alitueleza kwanza ujanja wa wauzaji: wanaleta sumaku karibu na saa, sumaku ikikosa kuvuta wanasema, "Umeona? Titani!" Ni kweli sumaku haivuti titani. Lakini hata inoksi nzuri ya saa haivutwi, ao inavutwa kidogo sana. Jibu halitoki. Zaidi ya hiyo sumaku inaweza kuvuruga mashini ya ndani, saa ikaanza kukimbia ao kusimama. Mtu akileta sumaku karibu na saa yako kusudi akuonyeshe akili zake, ondoa mkono.

Fundi alifungua brasele zote mbili, akaweka vichwa vya saa pembeni. Ana mizani ndogo, sawa ile ya wauza zahabu. Brasele iliyotoka Ubelgiji ilikuwa gramu 45. Akaweka glasi ya maji juu ya mizani, akarudisha namba ku zero, akafunga brasele na uzi, akaishusha mu maji bila kugusa chini wala pembeni ya glasi. Alitikisa uzi kidogo kusudi hewa iliyojificha kati ya vipande itoke, bila hivyo hesabu inadanganya. Mizani ilionyesha 10. Maana yake, brasele inachukua nafasi ya gramu 10 za maji. Gawanya 45 kwa 10: inatoka 4,5. Njo uzito wa titani, mara nne na nusu kuliko maji.

Kiisha alichukua ile ya zamani. Kavu: gramu 79. Mu maji: 10 tena. Inatoka 7,9, inoksi bila shaka. Brasele mbili za ukubwa mmoja, na moja inapita nyingine gramu 34! Kama ya kwanza ingekuwa plastiki iliyopakwa rangi, ingetoa moja na kitu. Aluminiumu ingetoa 2,7. Mtu yeyote mwenye mizani ya gramu anaweza kufanya jaribio hili nyumbani, lakini kwa brasele peke yake. Kichwa cha saa usikitie mu glasi. Ndani muko hewa na mashini, hesabu haitakuwa na maana, na kama mpira wake umechoka, umeua saa.

Mmoja wetu alisema tungeenda ku depo ya wanunuzi wa kobalti, ku ile mashini inayosoma mawe, ile wanaita Métorex. Ingesoma titani bila taabu. Lakini glasi ya maji haina foleni.

Alama nyingine ilikuwa mbele ya macho yetu tangu siku ya kwanza na hatukuiona. Brasele imejaa mikwaruzo, lakini kioo hakina hata mstari mmoja. Ni kioo cha safiri, kigumu kuliko kwarsi, mchanga hauwezi kukichora. (Kukivunja ni kitu kingine: kikianguka juu ya simiti kinaweza kupasuka.) Wanaotengeneza saa za uongo wanapenda kuokoa franga ku kioo kwanza.

Mkono hauwashi tena

Pale ku meza ya fundi Mama alisema jambo ambalo Papa hakulisema. "Miaka yote ya Panda alikuwa anajikuna hapa," alituambia, akionyesha chini ya mkono wake. "Jioni namupakia mafuta. Tangu avae hii ya mwana, ngozi ilirudi. Yeye mwenyewe hakubali, anasema ni mafuta."

Inoksi ya 316L iko na nikeli ndani, asilimia 10 mpaka 14. Kwa watu mingi haileti shida, kwa sababu nikeli imefungwa vizuri ndani ya chuma. Lakini kuna ngozi ambazo hata kidogo kinachotoka na jasho kinatosha: vipele, kuwasha, ngozi nyeusi yenye kukauka chini ya kifungo. Ulaya walitunga sheria juu ya hiyo mwaka 1994, kuweka mpaka wa nikeli inayoweza kutoka mu vitu vya kuvaa ku mwili. Titani ya saa, kwa kawaida, haichanganywi na nikeli. Mwili wa mtu unaivumilia mpaka ndani: waganga wanafunga mifupa kwa skuru zake, na tangu mwaka 1965 Per-Ingvar Brånemark, kule Uswidi, alianza kupandikiza meno juu ya misumari ya titani mu taya za watu.

Lakini uangalie. Saa nyingine titani ni kichwa tu, na mgongo ni inoksi. Nyingine kifungo ao vipini vya ndani si titani. Soma maneno yaliyochongwa nyuma, na uulize juu ya kifungo, kwa sababu njo kinachosugua ngozi zaidi. Na kama vipele vinabaki hata umebadilisha saa, nenda kwa munganga. Pengine ni sabuni inayobaki chini, ao dawa ya kromu waliyotumia kulainisha mukaba wa ngozi.

Uzito nao si mambo ya sifa tu. Saa nzito inazunguka ku mkono, inashuka upande wa kidole kidogo. Mtu anaikaza ili isizunguke, jasho linafungwa chini, jioni kuna mfereji mu ngozi. Nyepesi inakaa pale ulipoiweka na unaweza kuiacha legevu kidogo, hewa ipite. Kwa mzee mwenye mkono mwembamba, kwa mama munganga anayeinua wagonjwa usiku kucha, kwa mtu anayepiga mashini ya kuandika siku nzima, tofauti inaonekana saa kumi jioni, si mu duka. Na kuna asubuhi za mwezi wa sita, wakati Lubumbashi inatetemeka: inoksi inanyonya joto la mkono, inauma kama maji ya kisima. Titani inanyonya kidogo, unaivaa bila kushtuka.

Tulimpigia telefone mwana kule Ubelgiji. Kwanza alinyamaza. "Siye bana tulikuwa tunamuona," alisema kiisha. "Akirudi ku kazi, kitu ya kwanza anavula saa, anajikuna. Njo maana nilitafuta titani. Nilimuambia atasahau kama ameivaa. Sikumuambia haitaraye."

Hata hivyo kuna watu ambao wanataka saa iwe na uzito. Bila uzito, wanasema, ni ya mtoto wa masomo. Hatutawakatalia, ni mkono wao na ni franga zao.

Wanaotaka isichorwe

Watengenezaji walilijua tatizo hili tangu mwanzo. Saa ya kwanza ya titani duniani ilitoka Japani mwaka 1970, Citizen X-8 Chronometer. Mwaka 1968, mzamiaji mmoja wa mkoa wa Hiroshima alikuwa amewaandikia Seiko barua ya kulalamika kwamba saa zao hazivumilii kazi yake chini ya bahari. Jibu lilikuja mwaka 1975: saa ya wazamiaji ya titani, ya mita 600, na juu yake wakaivalisha koti la pili lililopakwa seramiki. Mwaka 1980 Waswisi wa IWC, pamoja na Ferdinand Alexander Porsche, wakatoa kronografu yao ya titani, na tangu pale chuma hiki kikawa na heshima hata mu maduka ya matajiri.

Leo Wajapani wanaifanya ngozi ya titani kuwa ngumu kwa kuipitisha mu gazi ao kuipaka tabaka nyembamba. Citizen wanasema yao inakuwa ngumu mara tano kuliko inoksi. Basi inafika karibu na mchanga wenyewe, na mkwaruzo wa meza hauipati kirahisi. Lakini tabaka ni nyembamba na chini yake chuma ni kile kile. Ni sawa simiti kidogo juu ya udongo laini: kufagia haiiharibu, pigo la nyundo linaizamisha.

Kuna pia seramiki, ngumu na haiwashi mtu, lakini ikianguka vibaya inavunjika kama sahani. Na kuna ile Papa angeipenda. Mwaka 1962 Rado wa Uswisi walitoa DiaStar, saa ya "chuma kigumu", ndugu wa vile visu vya tungsteni wanavyotumia ku mashini za tour kukatia chuma kingine. Visu hivyo mara nyingi vinashikanishwa na kobalti, na kobalti, hatuna haja ya kueleza inatoka wapi. Ile haichorwi na vumbi. Lakini ni nzito sana: chuma cha namna hiyo kinakaribia mara mbili ya uzito wa inoksi. Kupata vyote viwili ku mkono mmoja, wepesi wa titani na ugumu wa kisu, bado ni kazi.

Shauri letu, kama mtu anatuuliza: titani inunuliwe juu ya ngozi na juu ya uchovu wa mkono. Chagua ile iliyosuguliwa bila kung'aa, mikwaruzo itajificha kati ya mistari yake. Kama unashika mchanga na simiti, lipa zaidi kidogo kwa yenye ngozi iliyogumishwa, ao fanya kama mafundi wa zamani, tundika saa ku msumari mbele ya kuanza kazi. Na saa ya "titani" ya dola kumi inayouzwa chini kwa kitambaa, sisi hatuiamini mpaka ipite mu glasi.

Jioni, ioshe na maji na brosi laini ya meno, kati ya vipande, kama mpira wake bado unazuia maji. Vumbi inayobaki mule inaendelea kusaga hata umelala. Lakini usiipeleke kwa yule kijana wa kusugua mabomba na mashini ya disiki. Titani inashikana na disiki, unga wake mwembamba unaweza kuwaka moto, na kama ngozi iligumishwa, ameitoa yote kwa dakika moja, hairudi.

Siku ya tatu Papa alikuja kuchukua saa. Tulimpeleka kwa fundi. Hakutaka maelezo, alitaka glasi. Alishika uzi yeye mwenyewe, akafanya hesabu juu ya karatasi ya sigara, akarudia mara ya pili kwa sababu mara ya kwanza brasele iligusa pembeni. Akaangalia 4,5 kwa muda mrefu. Kiisha akageuza mkono, akaangalia ngozi ya chini, pale Mama alipokuwa anapaka mafuta.

"Iko kubwa kidogo," alimwambia fundi. "Toa kipande kimoja."

Fundi alitoa kipande, Papa akakifunga mu kitambaa na kukitia mu mfuko wa shati. Akavaa saa. Tulimwuliza kama atampigia mwana. Alijibu hana yunite. Mama akatoa telefone yake.